Tinti ya gari: pima kioo kwanza, karatasi baadaye

Mteja akiniambia "niwekee thelathini na tano", huwa namuuliza: thelathini na tano ya nini? Ya karatasi ya tinti yenyewe, au ya kioo kikishabandikwa? Wengi hunikodolea macho, maana walitajiwa namba bila kuambiwa ni namba ya kitu gani. Ndivyo mtu anavyopigwa faini akiwa na risiti safi mkononi. Risiti inasema 35, sheria inasema 35, kipimo cha trafiki kinasoma 27, na hakuna aliyedanganya.

Mimi ni fundi wa kubandika tinti, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kubandua walizobandika wengine. Kwa hiyo nitakueleza jinsi ya kuweka tinti ambayo hutalazimika kuileta kwangu ibanduliwe.

Tuanze na namba yenyewe. Ni asilimia ya mwanga unaoonekana kwa macho ambao unapita kwenye kioo. Namba ikishuka, giza linapanda. Tinti ya 70 ukiitazama kwa haraka hutajua kama ipo. Ya 35, aliye nje mchana anaona kuna mtu ndani lakini sura anaipata kwa shida. Ya 20 anaona kivuli. Ya 5 haoni kitu, na wewe uliye ndani usiku hali yako si nzuri sana kuliko ya kwake.

Sasa hesabu. Kioo cha gari hakipitishi mwanga wote hata kabla hujakigusa. Vioo vya milango ya mbele vinavyoonekana vyeupe kabisa mara nyingi vina ukijani kidogo kutoka kiwandani, na ukivipima unakuta 80, 77, wakati mwingine 72. Ukiweka karatasi juu yake, asilimia hizo zinazidishwa. Hazijumlishwi, wala huchukui ile ndogo ukaishia hapo. Kioo cha 77 ukikibandika karatasi ya 35, chukua 0.77 mara 0.35, unapata 0.2695. Hiyo ndiyo 27 aliyoisoma trafiki.

Gari hilohilo, karatasi hiyohiyo: Marekani, jimbo la Texas, linapita, kwa sababu kioo cha mlango wa mbele pamoja na karatasi yake kinatakiwa kisishuke chini ya 25. Jimbo la Arizona, ambako mwisho ni 33, linakwama. Afrika Kusini vioo vya pembeni mwisho wake ni 35, linakwama. Uingereza usijaribu hata kuliwasha, maana vioo vya pembeni ya dereva vinatakiwa kupitisha 70 na kioo cha mbele 75, kwa gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1985. Ufaransa nayo imeshika 70 tangu tarehe 1 Januari 2017, na anayekamatwa analipa faini ya yuro 135 na kupoteza pointi 3 za leseni.

Utaona 70 inarudi rudi. Kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya magari inaitumia kwa vioo ambavyo dereva anavitegemea kuona mbele, na kiwango cha shirikisho cha Marekani namba 205 kinaitumia kwa watengenezaji. Nchi nyingi zimekopa kutoka hapo. Kwa hiyo kama huijui sheria ya mahali ulipo na huna muda wa kuitafuta leo, chukulia kwamba vioo vya mbele ni 70 mpaka usome vinginevyo. Na 70 maana yake ni kwamba kama kioo chako kimetoka kiwandani na 75, karatasi ya 70 itakushusha hadi 52. Ili ubaki juu ya mstari unahitaji karatasi ya 94 au zaidi, yaani karatasi nyeupe kabisa. Watu hukasirika nikiwaambia hivi. Lakini karatasi hizo zipo na zinafanya kazi, nitafika huko.

Namna ya kuisoma sheria

Usimuulize muuza karatasi. Si kwamba ni mwongo, ila anajua ya kwao alikojifunzia, au ya mwaka aliojifunza. Tafuta sheria ya usalama barabarani ya nchi yako, halafu zile kanuni ndogo zilizo chini yake zinazohusu ujenzi na vifaa vya magari. Tinti hukaa kwenye kanuni, si kwenye sheria mama, ndiyo maana watu wanasoma kurasa na kurasa wasiione.

Ukiipata, jambo la kwanza ni kujua inazungumzia kioo kipi. Karibu kila sheria inagawanya gari kwenye nguzo ya kati, ile ambayo mkanda wa dereva unatokea. Mbele ya nguzo hiyo masharti ni makali. Nyuma yake mara nyingi unaachiwa, mradi gari liwe na vioo vya kutazamia nyuma vya pande zote mbili. Uingereza vioo vya nyuma ya dereva havina kiwango kabisa. Lakini usiifanye hiyo kuwa kanuni ya dunia: New York gari dogo la kawaida linatakiwa 70 mpaka milango ya nyuma, na tangu 2017 vioo vinapimwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Gari hilohilo likiwa la familia au la mizigo, huko nyuma linaachiwa. Kwa hiyo angalia pia gari lako limeandikishwa kama aina gani. Magari ya abiria mara nyingi yana masharti yake peke yake.

Jambo la pili, ambalo watu hulipita mbio: sheria inasema kioo, au inasema karatasi? Ni vitu viwili. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2012 ilipiga marufuku kubandika karatasi ya giza ya kiwango chochote kwenye vioo vya magari, huku kioo kilichotiwa rangi kiwandani kikiruhusiwa mradi kipitishe 70 mbele na nyuma, na 50 pembeni. Katika hukumu kama hiyo, hata karatasi nyepesi namna gani haikuokoi. Ujerumani nako huwezi kubandika karatasi ya giza mbele ya nguzo ya kati, na ya nyuma lazima iwe imeidhinishwa, alama ya idhini ikionekana kwenye kila kioo. Nimeshaona watu wakiikata pembe yenye alama eti inaharibu muonekano. Wanakata cheti chao wenyewe.

Baada ya hapo angalia mng'ao na rangi. Tinti inayorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia imekatazwa sehemu nyingi hata ikiwa si nyeusi, na nyekundu, bluu na kaharabu mara nyingi nazo zimo kwenye orodha, kwa sababu zinachanganya na taa za magari ya dharura. Kisha kioo cha mbele: kwa kawaida unaruhusiwa mkanda wa juu tu. Marekani, vioo vingi vina mstari mdogo au maandishi AS1 pembeni karibu na juu. Juu ya hapo unaweza kubandika, chini yake hapana. Mimi kioo cha mbele sibandiki giza, hata mteja aongeze hela. Akitaka, aende kwingine.

Mwisho angalia msamaha wa kiafya. Mwenye ugonjwa wa lupasi, mwenye ualbino, au mwenye ngozi isiyostahimili jua anaweza kupewa ruhusa sehemu nyingi kwa barua ya daktari, na barua hiyo inakaa garini. Ila kabla ya kuhangaika, fahamu hili: kinachomuumiza mtu huyo zaidi ni miale ya jua isiyoonekana ya urujuanimno (UV), na hiyo haina uhusiano na giza. Kioo cha mbele kina matabaka mawili na plastiki katikati, na plastiki hiyo inazuia karibu miale hiyo yote. Vioo vya milango kwa kawaida ni tabaka moja lililoimarishwa kwa moto, na hivyo hupitisha sehemu yake. Karatasi nyeupe nzuri inazuia asilimia 99 ya urujuanimno, na inapita kwenye sheria nyingi bila barua ya mtu.

Soma mhuri, kisha pima

Inama kwenye pembe ya chini ya kila kioo. Kuna mhuri mdogo uliochomwa kwenye kioo chenyewe, wengi wameendesha gari miaka yote bila kuusoma. Ukikuta herufi E ndani ya duara na namba pembeni, kioo kimeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, na namba ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza. Karibu na hapo tafuta V ya Kirumi. Ukiiona, kioo hicho kinapitisha chini ya 70, yaani kimetiwa giza kiwandani. Kwenye vioo vya soko la Marekani utakuta AS1 kwa kioo cha mbele, AS2 kwa vinavyopitisha angalau 70, na AS3 kwa vyeusi vya nyuma.

Kioo cheusi cha kiwandani kinapendwa sana kwenye magari ya familia. Mwenye gari anaona nyuma ni cheusi, mbele ni cheupe, anataka "vifanane". Akibandika karatasi ya 35 gari zima, mbele inakuja 27 na nyuma, ambako kioo tayari kilikuwa 20, inakuwa 7. Havifanani hata kidogo, na usiku akirudi kinyumenyume hajui kama aliyesimama nyuma ni nguzo au ni mtoto.

Ukishasoma mhuri, pima. Kipima mwanga ni kifaa kidogo: upande mmoja unatoa mwanga, upande wa pili unaupokea. Kuna aina ya kuchomeka kwenye ukingo wa kioo kilichoshushwa nusu, na kuna ya vipande viwili vinavyoshikana kwa sumaku, ambayo inafaa kwa kioo cha nyuma kisichoshuka. Safisha kioo pande zote mbili na ukikaushe, maana vumbi na mafuta ya vidole vinakula asilimia. Kiwashe kifaa hewani kwanza kisome 100. Kisiposoma 100 usiendelee. Kisha pima sehemu tatu za kioo, mbali na zile nukta nyeusi za ukingoni. Andika namba ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo utakayotumia kwenye hesabu. Programu za simu sizitegemei.

Hesabu ya kutafuta karatasi ni kugawanya. Sheria 35, kioo chako 77: gawanya 35 kwa 77, unapata 0.4545, na unapandisha juu. Karatasi isipungue 46. Sokoni utakuta 50, chukua hiyo, itakuletea 38 au 39. Zile pointi chache za ziada usizionee uchungu, kwani vipimo hupishana kidogo kati ya kifaa na kifaa, na karatasi yenyewe iliyoandikwa 50 inaweza kuja 48. Yapo majimbo ya Marekani yanayomwachia dereva tofauti ya asilimia 3 kwa sababu hiyohiyo. Usiitumie nafasi hiyo kununulia giza.

Kinachozuia joto si weusi

Wateja wengi hawataki giza, wanataka ubaridi, ila hawajui kwamba ni bidhaa mbili. Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia ni infraredi, miale isiyoonekana. Karatasi ya bei rahisi iliyotiwa rangi tu inakula mwanga unaoonekana, inapata moto, na sehemu ya moto huo inaurudisha ndani ya gari. Baada ya miaka michache rangi inachujuka inakuwa zambarau, na hapo kila mtu barabarani anajua ulinunua nini. Karatasi yenye chembe za chuma inazuia joto vizuri lakini inaweza kusumbua mawimbi ya redio, simu na ramani. Ya seramiki ndiyo ninayompendekezea mtu aliye kwenye nchi ya 70: inaweza kuwa karibu nyeupe na bado ikazuia sehemu kubwa ya infraredi.

Ukienda kununua, usibabaishwe na ile taa ya moto iliyowekwa kaunta, unayoambiwa uweke mkono nyuma ya kipande cha karatasi. Taa hiyo inatoa infraredi kwa wingi kuliko jua linavyotoa, kwa hiyo karatasi yoyote ya kuzuia infraredi itaonekana muujiza. Na "inazuia infraredi asilimia 95" mara nyingi imepimwa kwenye kipande kidogo tu cha miale hiyo. Omba namba ya jumla ya nishati ya jua inayozuiwa. Ni ndogo na haivutii kwenye tangazo, ndiyo maana huandikwa kwa herufi ndogo. Linganisha karatasi kwa namba hiyo, zenye kiwango kimoja cha mwanga, mbili mbili.

Usiku nao ufikirie. Jicho la mtu wa miaka 60 linapokea takriban theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa 20. Tinti ambayo mwanao anaiona ya kawaida inaweza kukufanya wewe ushushe kioo kila njia panda. Na upande wa nje, mtembea kwa miguu anayetaka kuvuka anakutafuta macho ajue kama umemwona. Asipoyaona, anabahatisha.

Siku ya kubandika

Mwambie fundi apime kioo mbele yako kabla ya kuanza, na akuandikie namba kwenye risiti: kioo kabla, karatasi, na makadirio ya jumla. Akikataa kupima, chukua ufunguo wako. Kama gari lina kamera au kihisi cha mvua nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, sehemu hiyo isiguswe.

Karatasi hubandikwa kwa maji ya sabuni, halafu maji yanakamuliwa kwa mpira. Hayatoki yote siku hiyo. Utaona ukungu na mapovu madogo ya maji, usiyaguse, yatakauka yenyewe. Kwa siku 3 hadi 5 usishushe kioo; kukiwa na baridi au mvua, zaidi. Nafunika vitufe vya vioo kwa utepe wa gundi kwa sababu mkono una mazoea yake, na abiria wa kiti cha nyuma hana habari. Mapovu makavu yenye kitu katikati ni vumbi, hayo hayataondoka. Rudi kwa fundi arudie. Ikishakauka ndipo unapima tena, na namba hiyo ya mwisho ndiyo ya kuweka garini pamoja na risiti. Kampuni yako ya bima nayo ipe taarifa, kwani tinti inaweza kuhesabiwa kama badiliko kwenye gari.

Ukisimamishwa, shusha vioo vyote kabla trafiki hajafika mlangoni, na kama ni usiku washa taa ya ndani, mikono iwe juu ya usukani. Yeye anakuja kwenye gari asilolijua ndani kuna nani, na mazungumzo yanaanza vizuri zaidi akishakuona. Akisema tinti imezidi, usibishane na macho yake. Uliza kwa adabu kama kuna kipimo, na uombe kioo kifutwe kwanza. Mwonyeshe namba zako. Kama hana kipimo na bado anaandika, pokea hati ya faini, usitie neno la kujifunga, halafu nenda ukapimiwe mahali panapotambulika na uipeleke namba hiyo kwa anayesikiliza shauri. Ukisafiri kuvuka mpaka, usitegemee kwamba cha kwenu kitaheshimiwa. Soma ya unakokwenda kabla ya safari.

Ukiambiwa ubandue, usianze na wembe. Pasha karatasi kwa mvuke au kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto mpaka gundi ilainike, inua pembe moja, vuta taratibu kwa pembe ndogo huku ukiendelea kupasha. Ukivuta kwa haraka, karatasi inatoka na kuiacha gundi yote kwenye kioo. Gundi iliyobaki inalainishwa kwa maji ya sabuni na kukwanguliwa kwa kibao cha plastiki. Kwenye vioo vya milango, wembe mpya kwenye kioo kilicholowa hauna shida. Kioo cha nyuma ni hadithi nyingine: zile laini nyembamba za kuondoa ukungu zimechapwa juu ya kioo upande wa ndani, na karatasi imekaa juu yake. Vuta kufuata mkondo wa laini, kushoto kwenda kulia, kamwe usivute toka juu kwenda chini. Ukimaliza washa kiondoa ukungu asubuhi yenye umande. Laini iliyokatika itaacha mstari wa ukungu mahali pake, na huo unazibwa kwa rangi ya kupitisha umeme inayouzwa kwenye maduka ya vipuri.